Haba ipi hujaza kibaba?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina mume na watoto watatu, tunaishi nyumba ya kupanga. Nilipata orodha ya mambo 50 ya kufanya ili tuishi bila kuharibu mazingira, nikaibandika kwenye mlango wa friji. Wiki ya pili nikaibandua, maana ilikuwa inatugombanisha tu. Mume wangu amebaki na jambo moja: kila asubuhi anazunguka nyumba nzima akichomoa chaja za simu, na anasema huo ndio mchango wake. Fedha za paneli za jua hatuna, na mwenye nyumba hataki tuguse ukuta. Tuanze na lipi? Na je, ninunue ile seti ya mitungi ya vioo na mifuko ya kitambaa ambayo kila mtu anaisifu?"

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Ulifanya vizuri kuibandua. Mengi yaliyomo kwenye orodha za namna hiyo ni ya kweli, ila zina kasoro moja: zinapanga mambo 50 kana kwamba yote yana uzito mmoja. Mtu akishachoka hubaki na lile jepesi kuliko yote. Ndivyo mumeo alivyobaki na chaja.

Katika mambo haya watu hupenda kusema haba na haba hujaza kibaba. Siipingi methali hiyo, lakini kibaba ni kipimo. Anayekijaza kwa punje mojamoja na anayekijaza kwa konzi wote wanajaza, ila mmoja wao atalala njaa kabla hajafika nusu. Basi kabla ya kuuliza tufanye nini, tuzipime haba zenyewe.

Chaja ya kisasa ikiachwa kwenye soketi bila simu hula takriban wati 0.1. Mwaka una saa 8,760. Ukizidisha unapata wati-saa 876, yaani haifiki hata uniti moja ya umeme kwa mwaka mzima. (Uniti ni ile unayoisoma kwenye mita: wati 1,000 zikitumika kwa saa moja.) Sasa twende bafuni. Shawa ya kawaida humwaga kama lita 10 kwa dakika, na kuyatoa maji hayo nyuzi 20 hadi nyuzi 40 kunataka karibu robo ya uniti kwa kila dakika. Dakika nne za kuoga maji ya moto zimekula umeme wote ambao mumeo ameuokoa kwa mwaka kwenye chaja moja. Akipenda aendelee kuchomoa. Chaja ya zamani ambayo inapata joto hata bila simu inastahili kuchomolewa, na ile duni inaweza hata kuwaka. Lakini asiridhike nayo, kwa sababu bado anadaiwa.

Nimekagua matumizi ya nishati majumbani kwa miaka mingi, na kama ningeruhusiwa kubandika neno moja tu kwenye friji yako, ningeandika "joto". Kitu chochote kinachopasha au kupoza ndicho mlaji mkubwa wa nyumba. Vinavyotoa mwanga, sauti na picha hula kidogo. Maji hasa ni magumu kupashwa: lita moja kuitoa nyuzi 20 hadi ichemke hutaka karibu moja ya kumi ya uniti, hata birika liwe zuri namna gani. Wengi wetu hujaza birika la umeme hadi shingoni, tukamimina vikombe viwili, yanayobaki yakapoa. Lita moja ya ziada kila siku ni kama uniti 36 kwa mwaka, sawa na chaja 40 zilizosahaulika ukutani. Dawa yake haina gharama: pima maji kwa kikombe kilekile utakachonywea.

Jikoni nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye mavuno makubwa kuliko pote, na kanuni hazibadiliki ukipikia gesi, umeme, mkaa au kuni. Maji kwenye sufuria ya kawaida yakishachemka hayapandi joto tena. Uchochee moto namna gani, yatabaki pale pale kwenye nyuzi 100, au pungufu kidogo kama unaishi mahali palipoinuka. Kwa hiyo moto mkali baada ya kuchemka hauivishi chakula haraka zaidi; unatengeneza mvuke tu. Na mvuke ni ghali mno. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka yawe mvuke hutaka nishati karibu mara saba ya ile iliyotumika kuyatoa nyuzi 20 hadi yakachemka. Sufuria inayotokota wazi kwa saa nzima imeipa hewa ya jikoni sehemu kubwa ya gesi uliyoinunua.

Hapo una tabia mbili za bure kabisa. Funika. Kisha chakula kikianza kuchemka, punguza moto hadi uone mapovu madogo tu. Wapishi wengi hawaamini hili mpaka walijaribu, na mimi huwaambia wasiniamini: pika chakula kilekile siku mbili, siku moja kwa moto mkali bila mfuniko, siku nyingine kwa moto mdogo umefunika, utazame saa. Muda wa kuiva utakuwa karibu uleule.

Maharage na jamii yake yote yaloweke tangu usiku. Yatakuwa yameanza kulainika kabla hujawasha moto. Ukiwa na sufuria ya presha, itumie, maana ndani yake maji hufika karibu nyuzi 120, na ndiyo sababu muda wa kupika hupungua sana. Kama huna, kipo kikapu cha kuhifadhi joto, ambacho unaweza kukitengeneza leo kwa kapu au boksi la karatasi ngumu na blanketi kuukuu. Chemsha chakula, funika vizuri, kiingize kwenye kapu, kizungushie blanketi pande zote hadi juu, halafu kiache. Joto lililomo humaliza kazi. Mchele huivia humo bila shida. Kwa maharage, hasa yale mekundu, ninasisitiza: kwanza yachemke sawasawa kwa nusu saa, kwa sababu yana sumu ya asili ambayo haivunjiki kwa joto la wastani. Na chakula chochote cha kapuni ukikifungua ukakuta ni cha vuguvugu tu, kirudishe jikoni kichemke kabla ya kuliwa.

Nikiwa bado kwenye joto, nguo. Mashine ya kufulia inayopasha maji hutumia sehemu kubwa ya umeme wake kwenye kupasha, si kuzungusha. Sabuni nyingi za siku hizi hufanya kazi vizuri kwa maji baridi. Joto libakie kwa matandiko ya mgonjwa na nepi. Zianike kamba, hata kama una mashine ya kukaushia. Na pasi: kusanya nguo za wiki, uzipige mara moja, badala ya kuiwasha kila asubuhi kwa shati moja.

Friji nalo ni la joto, ingawa tunalifikiria kuwa la baridi. Kazi yake ni kubeba joto la ndani na kulitoa nje nyuma yake, na linafanya hivyo usiku na mchana. Kwa hiyo usilisukume likagusa ukuta. Liachie nafasi lipumue. Bana kipande cha karatasi kwenye mlango wake, ukivute. Kikitoka bila kushikwa, ile raba ya mlangoni imechakaa au ina uchafu, na mara nyingi kuifuta kwa maji ya sabuni kunatosha. Ndani nyuzi 4 zinafaa, na kwenye sehemu ya kugandishia nyuzi 18 chini ya sifuri. Chakula cha moto kiache kipoe kwanza, ila kisipitishe saa mbili nje.

Taa ni fupi. Taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Ikiwaka saa nne kwa siku, tofauti inafika kama uniti 74 kwa mwaka. Usibadilishe zote kwa pamoja. Badilisha ile inayowaka muda mrefu kuliko zote, na za mwenye nyumba ziweke kabatini. Siku ya kuhama, rudisha zake na uondoke na zako.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo huenda kwako likawa kubwa kuliko umeme: chakula kinachotupwa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kilichokuwa kimeshafika madukani, migahawani na majumbani. Asilimia 60 ya hicho ilitupwa majumbani, si kwenye mahoteli kama tunavyopenda kudhani. Wastani wake ni kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka, na humo yamehesabiwa pia maganda na mifupa. Nyumba ya watu watano ingefikia kilo 395. Yako inaweza kuwa chini sana ya hapo, au juu. Hujui mpaka upime.

Chakula kikioza kwenye lundo la taka mahali pasipo hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huipasha dunia kama mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Lakini hasara kubwa zaidi inakuwa imeshatokea zamani: shamba lililofyekwa, maji, mbolea, mafuta ya lori, na gesi uliyokipikia. Chakula kilichotupwa kimelipiwa gharama zote hizo bila kumlisha mtu.

Kwa wiki moja weka karatasi karibu na pipa la taka, kila anayetupa chakula aandike ametupa nini na kwa nini. Usimkaripie mtu. Mwisho wa wiki utaona mambo mawili au matatu yakijirudia, na hayo ndiyo ya kushughulikia, si yale ya kwenye orodha ya mtu mwingine. Nyumba moja niliyoikagua iligundua kwamba tatizo lao lote lilikuwa mkate. Walikuwa wananunua kwa mazoea, kila siku, hata siku ambazo nusu ya familia haikuwa nyumbani. Tatizo likiwa la mboga kunyaukia chini kwenye droo, chagua rafu moja ya friji, ile ya usawa wa macho, iwe ya vitu vya kuliwa kwanza. Likiwa la kupika kingi, punguza kipimo, na kiporo kipewe siku yake maalumu badala ya kusubiri mtu ajitolee kukila. Kuhusu tarehe za kwenye pakiti, soma maneno yenyewe. Inayosema "bora kabla ya" inazungumzia ladha na ubora. Chakula hakigeuki sumu siku inayofuata. Inayosema "tumia kabla ya" inazungumzia usalama, iheshimu.

Na nyama? Wanyama wanaocheua hutoa methani wakiwa hai, na kilo ya nyama ya ng'ombe huiletea hewa mzigo unaozidi ule wa kilo ya jamii ya kunde kwa makumi ya mara. Simwambii mtu aache. Mlo mmoja au miwili kwa wiki ikibadilishwa, hesabu inasogea kuliko kwa chaja zote za mtaa wako.

Maganda yanayobaki yatengenezee mboji kwenye ndoo yenye matundu, hata kwenye baraza. Kila ukiweka kitu kibichi, funika kwa kitu kikavu: majani makavu, karatasi iliyochanwa, vumbi la mbao. Ikinuka, ujue imekosa hewa au imelowa mno. Geuza na uongeze vikavu. Nyama na mafuta usiweke, panya watakushukuru.

Maji baridi hayanitishi sana kwa upande wa nishati, lakini yanapovuja yanavuja usiku na mchana. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, kaa nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli, tangi linavuja. Bomba linalodondosha liwekee kikombe chini kwa saa moja, pima, zidisha mara 24. Namba utakayoipata mpelekee mwenye nyumba. Wenye nyumba wengi huzielewa namba upesi kuliko malalamiko.

Vitu vinavyoingia ndani vina hesabu tofauti kidogo. Birika huharibu likiwa kazini, lakini simu, kompyuta na nguo huwa zimeshafanya sehemu kubwa ya uharibifu wao kabla hazijafika mikononi mwako. Uchimbaji wa madini, viwanda na rangi ndivyo vinavyobeba mzigo. Kwa hiyo simu rafiki wa mazingira kuliko zote ni ile uliyonayo, hata ikiwa kioo kimepasuka kwenye kona. Betri ikichoka badilisha betri. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo haikufika robo. Nguo nayo ikivaliwa miaka minne badala ya miwili, umeugawa mzigo wake nusu kwa nusu bila kununua chochote. Sindano na uzi ni vifaa vya mazingira, ingawa hakuna anayevitangaza.

Ombi moja: plastiki usiichome uani. Moshi wake una sumu, na anayeuvuta wa kwanza ni mwanao.

Kama mna gari, anza na safari fupi. Injini baridi hula mafuta zaidi, kwa hiyo kilomita moja ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo pia rahisi kutembewa kwa miguu. Kila lita ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi. Watu hunibishia hapa, kwamba lita yenyewe haifiki kilo moja, moshi utazidije? Unazidi kwa sababu kaboni ya mafuta hukamata oksijeni ya hewani, na oksijeni ndiyo nzito. Jaza upepo wa matairi kama ilivyoandikwa mlangoni mwa gari, kisha uendeshe taratibu. Sina zaidi hapo.

Tabia nyingi hufa kwenye kuzifanya zidumu. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walichapisha utafiti wa watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi jambo likawa linafanyika lenyewe, lakini wapo waliochukua 18, na wengine walikadiriwa kuhitaji 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Wewe uliipa orodha yako wiki mbili, tena mambo 50 kwa mpigo! Chukua moja, ulifunge kwenye kitu ambacho tayari unakifanya bila kufikiri. Mfuniko usikae kabatini, ukae juu ya sufuria yenyewe, ili huwezi kuchukua kimoja bila kingine. Kikombe cha kupimia kining'inie kwenye birika. Jambo likishakuwa halikumbukwi tena kwa sababu linajifanya, ongeza la pili.

Mumeo mpe mita. Ninasema hivyo kwa sababu mtu anayezunguka nyumba nzima kila asubuhi ana nidhamu ambayo ni hasara kuiacha kwenye chaja. Asome mita kabla ya kulala na tena asubuhi, usiku tatu. Hapo ataona nyumba inakula kiasi gani wakati nyote mmelala, na akiuona usiku unaozidi mwingine ataanza kutafuta mlaji mwenyewe. Watoto wape saa ya kupima muda wa kuoga, washindane.

Lipo pia shimo ambalo wazuri wengi wametumbukia. Mwaka 1865 mwanauchumi wa Uingereza, William Stanley Jevons, aligundua kwamba mitambo ya mvuke ilivyozidi kutumia makaa kidogo kwa kazi ileile, ndivyo nchi ilivyozidi kuchoma makaa, kwa kuwa mitambo hiyo sasa ilikuwa na faida na kila mtu aliitaka. Nyumbani huwa hivyohivyo. Taa zikila kidogo, zinaachwa ziwake hadi asubuhi. Fedha iliyookolewa kwenye gesi ikanunua kiyoyozi. Kwa hiyo mkiokoa, amueni mapema fedha hiyo inakwenda wapi: ada ya shule, akiba, au sufuria ya presha niliyoitaja.

Nimalizie na mitungi na mifuko. Usinunue. Mitungi unayo tayari, ndiyo ile uliyonunua ikiwa na jamu au siagi ya karanga, na makopo ya plastiki yaliyomo kabatini yanahifadhi unga na sukari vizuri kabisa. Kuyatupa ili uweke vioo ni kutengeneza taka ili uonekane huna taka. Mifuko ya kitambaa ina habari yake. Mwaka 2011 wakala wa mazingira wa Uingereza ulichapisha hesabu ukaonyesha kwamba mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo mzigo wake wa gesi joto ushuke hadi sawa na ule wa mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja, kwa kuwa kulima na kufuma pamba si kazi ndogo. Hesabu hiyo haikugusa plastiki inayoishia mitaroni na baharini, kwa hiyo mfuko wa kitambaa una hoja yake nzuri. Ila ni mfuko mmoja unaokwenda nawe kila mara, si kumi na mbili zinazoning'inia nyuma ya mlango. Kama unacho kikapu au begi lolote kuukuu, hilo ndilo. Likunje, uliweke pamoja na funguo za nyumba, maana anayesahau begi humkuti amesahau funguo.